Mtoto ana kadi, mama je?

Wadau, arobaini tunaijua wote. Mzazi yuko ndani, bibi anachemsha maji ya kukanda, uji wa pilipili manga uko jikoni. Sina ugomvi na arobaini. Tatizo ni kwamba siku hizo hizo ndizo ambazo mama anatakiwa aonekane kliniki: ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha ni asilimia 34 tu ya akina mama waliopimwa ndani ya siku 2 baada ya kujifungua. Na hapo ndipo damu humwagika, presha hupanda, homa ya uzazi huanza.

Sasa nenda delta ya Rufiji, kule Msala au Kiongoroni, wilaya ya Kibiti. Safari ni ya maji, na maji yenyewe yana saa zake za kujaa na kupwa. Kumwambia mzazi mwenye mshono "rudi siku ya 7" ni kumwambia apande mtumbwi. Huko porojo za kuhamasisha hazitoshi, mhudumu wa afya wa kijiji amfuate nyumbani.

Lakini wiki ya 6 mtoto anapelekwa chanjo, na aliyembeba ni mama! Mara nyingi kinachopimwa ni uzito wa mtoto, kadi inajazwa, haya, mwingine. Dada zangu, semeni: na mimi nipime. Nanyi akina kaka, siku hiyo nendeni, mshikeni mtoto, mama apande kitandani aangaliwe.