Pole Zenu Hazipimi Damu

Neno linalonichosha kuliko ngazi za ghorofa ni "pole". Nina miaka 29, nafundisha Fizikia sekondari, nakimbia kilomita tano kila Jumamosi, na kwenye harusi nacheza mpaka kamati ianze kukusanya viti. Yote haya nayafanya na valvu ya kutengenezwa niliyowekewa miaka minane iliyopita. Usiku kukitulia naisikia ikigonga kifuani kama saa ya mkononi. Bado mashangazi hunipokonya ndoo ya maji, na majirani hunong'onezana: "Yule ni mgonjwa wa moyo."

Sikubali. Mgonjwa nilikuwa kabla ya upasuaji, nilipolala nimeketi kwa kukosa pumzi. Tena upasuaji huu si maajabu ya jana. Albert Starr alimbadilishia mtu valvu kwa mafanikio huko Marekani mwaka 1960. Hapa nyumbani, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete inafungua vifua jijini Dar es Salaam. Kwamba mtu anaweza kuishi vizuri baada ya hapo, hilo halina ubishi tena. Swali ni moja: atapimwa wapi?

Valvu kama yangu huifanya damu itake kuganda. Kwa hiyo kila jioni nameza warfarini, na nitaimeza maisha yangu yote. Ikizidi, naweza kuvuja damu ndani kwa ndani. Ikipungua, damu huganda kwenye valvu, na bonge likikatika hupanda kwenye ubongo. Hata mchicha na kisamvu sili ovyo. Nala kwa kiasi kilekile, kwa sababu vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Kinachoniambia kama dozi imekaa sawa ni kipimo cha INR. Kwa valvu ya mitrali niliyonayo, kinatakiwa kisome kati ya 2.5 na 3.5.

Zipo mashine ndogo zinazosoma kwa tone la damu ya kidole. Wilayani ninakofundisha haipo hata moja. Napanda basi alfajiri kwenda mkoani, nalipa nauli, nalipa kipimo, siku ya kazi imekwenda. Mimi nina mshahara. Mama anayeuza nyanya, ambaye siku bila biashara ni siku bila chakula, atakwenda mara ngapi? Akianguka kwa kiharusi, msibani watasema moyo wake ulikuwa mbovu. Uongo. Moyo ulishatengenezwa, hakupimwa.

Wapo watakaosema tuanze na kinga. Ni kweli, wengi wetu valvu ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na mafindofindo ya utotoni ambayo penisilini ingeyamaliza. Watoto watibiwe, leo hii. Lakini kumpasua mtu kifua, kumshona, kisha kumrudisha kijijini bila kipimo ni kumkabidhi pikipiki isiyo na breki na kumtakia safari njema.

Operesheni huchangiwa kwa sababu ina tarehe na ina picha. Kipimo cha kila mwezi hakina picha, kwa hiyo hakina mchangiaji. Ninyi mliosoma, mnaojua kuandika barua na kusimama kwenye mikutano, acheni kunipa pole. Muulizeni diwani wenu: katika bajeti ya halmashauri, mashine ya INR iko mstari wa ngapi?