Mzazi akirudishwa kwao, mtoto anabaki na nani?

Wahamiaji wasio na vibali wanapoondolewa nchini, swali la watoto huja mwisho. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuna familia ambazo mama alivushwa mpaka, baba na watoto wakabaki. Kwetu Nyanda za Juu Kusini jambo hili haliko mbali. Kyela na Malawi zinatenganishwa na mto Songwe tu, na watu wa pande hizi mbili wanaoana.

Tuchukue mfano wa mama wa Karonga aliyeolewa Kyela, kisha akarudishwa kwao kwa kukosa kibali. Ukoo wa baba unaweza kusema: "Ameondoka, mtoto ni wetu." Kisheria sivyo. Kuondolewa nchini ni suala la uhamiaji, hakumwondolei mtu uzazi wake. Wasipoelewana, mwamuzi ni mahakama.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi, mlezi au ndugu anayemlea mtoto kuomba amri ya malezi. Hata bibi wa Mufindi aliyeachiwa wajukuu anaweza kuomba. Hakimu hutazama maslahi ya mtoto: umri wake, umuhimu wa kuwa na mama, ndugu wasitenganishwe, malezi yasikatizwekatizwe, na maoni ya mtoto mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hali ikibadilika, amri ya zamani nayo inaweza kubadilishwa.

Hatari iko kwenye kukaa kimya. Mtoto akizoea nyumba nyingine kwa miaka, mazoea hayo nayo hupimwa, na mama anayerudi na kibali hukuta kazi ngumu zaidi. Bibi naye, bila amri mkononi, hana cha kuonyesha siku mtu akija kumchukua mtoto.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya mtendaji wa kijiji. Barua hiyo inasaidia kuonyesha mnaishi pamoja, lakini si amri ya mahakama. Na mzazi aliye ng'ambo ya mpaka asikatiwe mawasiliano: anaweza kuiomba mahakama haki ya kumwona mwanawe. Wakati shauri likisubiri, mpigieni simu, mtoto asikie sauti yake.