Jamani, mgongo si betri!

Wabeba boksi wenzangu wa hapa Edmonton, hivi nani katuambia kiuno kikichoka kinachajiwa?

Sindano za Kichina tunazijua siku nyingi. Sasa kuna hizi zinazofungwa waya, kimashine kinapigapiga umeme kiunoni nusu saa. Duka moja (silitaji) niliombwa pauni 40, na mhudumu, Mswahili mwenzetu, akaniambia umeme "unafufua mishipa." Mishipa ipi? Lugha yetu nayo inawabeba hawa watu! Ya damu mishipa, ya fahamu mishipa, hata ngiri nayo mshipa. Mteja anajichagulia cha kufufuliwa.

Sikatai, umeme unafika kwenye neva. Profesa Ji-Sheng Han wa Beijing alifanya utafiti wa miaka mingi kuonyesha kuwa mapigo 2 kwa sekunde huufanya mwili utoe endofini na enkefalini, na mapigo 100 hutoa dainofini. Hizo ni dawa za maumivu ambazo mwili hujitengenezea. Ni kutuliza, basi. Diski iliyochomoza ikabana neva haina habari na umeme wako.

Na hata huko kutuliza, tupunguze mbwembwe. Mwaka 2007 Wajerumani walitoa matokeo ya wagonjwa 1,162 wa mgongo, kwa sindano tupu bila umeme. Baada ya miezi 6, waliochomwa kwa kanuni za Kichina walipata nafuu 47.6%. Waliochomwa juujuu, mahali popote tu? 44.2%! Waliopewa matibabu ya kawaida walikuwa 27.4%, kwa hiyo kuchomwa kunasaidia kidogo, ila huo "ufundi wa mishipa" unaolipia sijui uko wapi. NICE, chombo kinachoishauri NHS, kiliikubali akupancha ya kiuno mwaka 2009, na mwaka 2016 kikasema isitolewe, wala umeme wa neva, uwe wa kupitia ngozi au wa sindano. WHO mwaka 2023 walikuwa wapole zaidi kwa sindano, lakini kwa masharti.

Kinachoniudhi zaidi ni kesho yake. Umetulizwa, unarudi kumnyanyua bibi wa kilo 90 peke yako! Kanuni za mwaka 1992 za kubeba mizigo kazini zinamtaka mwajiri akuepushe na unyanyuaji wa hatari kadiri inavyowezekana, na apime hatari iliyobaki. Dai mashine ya kunyanyulia na mtu wa pili. Najua, wengine viza imeshikiliwa na huyo huyo mwajiri, mdomo unakuwa mzito. Ndiyo maana kuna vyama kama UNISON. Na GP hatozi hata senti, muombe fiziotherapia.

Mwenye kifaa cha umeme moyoni asiguse kabisa nyaya hizo bila daktari wake kujua. Na ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo umekataa au unajitokea, au miguu yote miwili inalegea, usipange miadi dukani. Nenda dharura North Middlesex usiku huo huo, maana neva zikibanwa hivyo saa zinahesabika.