“Shetani Alinipitia”

Iko sentensi moja ambayo sisi wachungaji tumeisikia mpaka imetuchosha: “Mchungaji, shetani alinipitia.” Mtunza hazina aliyekula fedha za kikundi cha akina mama huisema. Mume aliyempiga mkewe huisema. Itazame ilivyoundwa: mtendaji ni shetani, na mwenye dhambi amebaki silabi moja tu ndani ya kitenzi, kama abiria. Siku hizi udhuru huo umepata mafundisho ya kuutegemeza. Mlevi anaambiwa ana roho ya ulevi, mzinzi anaambiwa babu yake aliagana na mizimu, na wote wawili wanatakiwa kutoa sadaka ya kukata laana ya ukoo. Tunasema wazi kwamba hayo si mafundisho ya Kanisa letu.

Hatukani kwamba Shetani yupo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linamtaja katika kifungu cha 19: dhambi haikusababishwa na Mungu, bali chanzo chake ni nia ya Ibilisi na ya waovu, nia iliyomgeuzia Mungu kisogo. Nia, ndugu msomaji, na ya mtu pia. Katika Mwanzo 3 Adamu anamsingizia mwanamke (na chini kwa chini anamsingizia Mungu aliyempa), naye mwanamke anamsingizia nyoka. Nyoka alikuwapo kweli, na alidanganya kweli. Hata hivyo hukumu iliwafikia wote watatu.

Wahubiri wa laana ya ukoo hupenda Kutoka 20:5. Basi na wausome mstari huo mpaka mwisho, kisha waendelee na unaofuata, halafu wafungue Ezekieli 18. Waisraeli nao walikuwa na methali yao ya baba kula zabibu na watoto kuumia meno, na Mungu akawapiga marufuku wasiitumie tena.

Hapo hujibiwa: ninyi Walutheri ndio mnaofundisha dhambi ya asili, na Luther mwenyewe alimwandikia Erasmus mwaka 1525 kwamba hiari ya mwanadamu imefungwa. Aliyefungwa atalaumiwaje? Swali hili ni zuri kuliko mengi tunayoulizwa. Luther alitofautisha kufungwa na kushurutishwa. Mlevi haburutwi kwenda kilabuni; huenda kwa miguu yake, tena akiimba. Kifungo cha nia ni kwamba inakipenda inachokipenda, wala haiwezi kujigeuza yenyewe impende Mungu bila Roho Mtakatifu. Lakini katika mambo ya maisha ya kila siku, kama kulipa deni au kuuzuia mkono usipige, kifungu cha 18 kinatuambia mtu ana uhuru wa kiasi fulani. Mume yule angeweza kuuzuia mkono wake.

Wako pia waliopotea kwa upande wa pili. Matthias Flacius, aliyesoma kwa Luther huko Wittenberg, alipobishana na Strigel mjini Weimar mwaka 1560, alifika mahali pa kusema kwamba dhambi ya asili ndiyo kiini chenyewe cha mwanadamu aliyeanguka. Fomula ya Konkodi ya 1577 ilikataa, na ilikuwa sahihi: kama kiini chetu ni dhambi, basi Mungu anayetuumba hata leo anaumba dhambi, na mwili alioutwaa Kristo haukuwa wetu.

Na tamaa ya kwanza kabisa ilitoka wapi, ndani ya kiumbe kilichoumbwa chema? Augustino alisema kuitafuta sababu yake ni kama kutaka kuliona giza. Nasi tunaishia hapo, wala hatuoni haya.

Kinachotuudhi zaidi ni nani anayelipa gharama ya udhuru huu. Mke mwenye uso uliovimba anaambiwa afunge ili pepo limtoke mumewe. Akina mama wanaambiwa wasamehe, na fedha hazirudi. Linganisha na Daudi katika Zaburi 51. Anakumbuka kwamba hata kuzaliwa kwake kulikuwa katika uovu, lakini halitaji hilo ili kujitetea. Ni sehemu ya toba yake.

Basi wazee wa kanisa, mtunza hazina akija tena na sentensi yake, mwulizeni ni shilingi ngapi, na ataanza kuzirudisha lini. Akishajibu, mleteni kwa mchungaji aungame.