Tukitia nanga Mfangano, tusikilize Kisuba

Mwalimu wa Marani awapelekapo wanafunzi wake Mbita, wakapanda boti na kwenda kutia nanga Takawiri na Mfangano, aghalabu huwaonyesha mawimbi, ndege na nyavu za wavuvi. Ninamsihi awasikilizishe pia lugha.

Wenyeji wa Mfangano ni Abasuba. Lugha yao ya asili, Kisuba, ni ya Kibantu, jamaa ya Ekegusii yetu. Hata hivyo, kwa vizazi kadhaa wengi wao wamezoea kunena Kijaluo nyumbani, sokoni na shuleni, hata UNESCO ikakihesabu Kisuba miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Watu hawakuhama wala hawakuangamia. Lugha ndiyo inayong'oa nanga.

Mtaala wetu waagiza watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya mazingira yao. Mzazi amkatazaye mwanawe Ekegusii ili kuharakisha Kiingereza, anaikata kamba ile ile. Mtoto huzimudu lugha tatu bila taabu.

Wahenga walinena kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Lugha inao, nao umo mikononi mwa mzazi na mwalimu.