Magoti ya muchimbaji ni mali ya nani?

Leo hatuzungumzi bei ya zahabu wala hali ya barabara. Tunazungumza mifupa. Mu kila karière, kuanzia Nizi mpaka Mongbwalu, na hapa Bunia mu nyumba za kupanga, kuna mutu wa miaka 45 ambaye asubuhi anashika kwanza ukuta ndipo asimame. Watu wanamucheka kidogo, wanasema "ni rumatisme", na kila mutu anaenda kwa kazi yake. Shimo ikianguka na kufunika watu, redio inasema, wakubwa wanatuma ujumbe wa pole. Goti ikianguka polepole kwa miaka 15, hakuna mwenye kuandika kitu.

Kwetu sisi wa sindika, hiyo pia ni ajali ya kazi, ila inafika kwa kuchelewa. Na yenye kuchelewa njo inakosa mwenye kulipa.

Tuondoe kwanza fujo mu hii neno. "Rumatisme" (wenye kusoma vitabu vya Tanzania wanaiita baridi yabisi, jina nzuri lakini inadanganya, maana baridi peke yake haizai ule ugonjwa) ni gunia moja yenye kubeba magonjwa mingi. Iko atrozi, ni kusema ile nyama laini yenye kufunika mwisho wa mifupa inalika, mufupa inakwaruzana na mufupa. Inapenda magoti, kiuno, mugongo. Iko poliatriti, ambayo si ya kuzeeka hata kidogo: askari wa mwili wenyewe wanageuka na kushambulia viungo. Inaanza sana kwa vidole vya mikono yote miwili, asubuhi vinakuwa vigumu hata saa moja na zaidi, na inapata wanawake mara mbili ao tatu kupita wanaume. Iko guti, yenye kuwaka usiku kwa kidole kikubwa cha muguu, rafiki ya bia, lotoko na nyama mingi. Kila moja iko na dawa yake. Mwenye kuuza dawa moja kwa yote anauza tu.

Sasa tuangalie kazi. Muchimbaji anapiga magoti mu shimo ya chini, masaa, juu ya mawe. Mwingine anabeba gunia kwa mugongo, anapanda nayo mu ngazi ya miti yenye utelezi. Mama anainama mu maji kuosha muchanga tangu asubuhi, ao anatwanga mawe kwa chuma, mukono moja ile ile, maelfu ya mara kwa siku. Shirika ya kazi ya dunia, ile wanaita OIT, ilisema tangu mwaka 1967 kwamba mutu mume mukubwa asibebeshwe kupita kilo 55, na kule wanapita hiyo kipimo, wapunguze haraka. Hesabu ni rahisi: ule mufuko wa muchele wa kilo 50, ukijaza mawe yenye maji, hauwezi kuwa kilo 50 tena. Jiwe ni nzito kupita muchele. Na sisi tunaujaza mpaka mudomo, kwa sababu mubebaji analipwa kwa gunia, si kwa mugongo wake.

Jambo lingine wengi hawajui: vumbi. Tulizoea kusema vumbi ya mawe inaharibu mapafu, na ni kweli. Lakini inafika mpaka mu viungo. Mwaka 1953, munganga moja wa Wales, Caplan, aliona wachimbaji wa makaa wenye poliatriti wakiwa na alama za pekee mu mapafu, na mpaka leo hiyo hali inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1957, mu Afrika ya Kusini, munganga Erasmus aliandika juu ya wachimbaji wa zahabu wa Witwatersrand waliokuwa na ugonjwa wa kukakamaza ngozi na kufunga vidole. Hawa walikuwa watu wa zahabu kama sisi. Tangu hapo wataalamu walihakikisha kwamba vumbi ya silika, ile yenye kutoka mu jiwe nyeupe ya kwarsi tunayofuata kila siku, inaongeza hatari ya poliatriti, na kwa mwenye kuvuta tumbaku hatari inapanda zaidi. Kwa hiyo kijana mwenye kusaga mawe makavu bila kitambaa kwa pua hachezi na kikohozi tu.

Lakini kazi haielezi yote. Muhandisi naye anaweza kupata atrozi. Tofauti ni kwamba yeye akiumwa anakaa. Anapiga radio, anapewa mutu wa kumunyoosha viungo, anarudi mu ofisi kwa kiti. Yule wa shimo ataenda wapi? Alikula kwa deni ya mwenye shimo tangu mwezi wa kwanza: mchele, sabuni, dawa ya malaria ya mutoto. Asiposhuka, hana sehemu siku ya kugawanya mawe, na deni inabaki. Kwa hiyo anashuka na goti yenye kuvimba. Anashuka leo, kesho, mpaka goti yenyewe inakataa. Siku ile hana goti, hana sehemu, na deni iko palepale. Munganga akimwambia "pumzika wiki sita", ni kama anamwambia anunue ndege.

Ndipo tunafika kwa mambo ya deksa. Tuseme wazi, maana mu karière zetu watu wanaimeza kama pipi. Vile vidonge vidogo vya deksametazoni na prednisoloni, mara nyingi pamoja na diklofenaki mu karatasi moja, vinauzwa kwa meza, bila fiche, bila swali. Mutu anameza jioni, asubuhi anaruka kama kijana. Anasema ile muuzaji ni munganga wa kweli. Kisha miezi inapita, uso inakuwa mviringo, tumbo inawaka na kutoboka vidonda, sukari na tansion vinapanda, mifupa yenyewe inakuwa dhaifu. Na mwili unashindwa kupigana na kifua kikuu, ugonjwa ambao mu vumbi ya shimo uko tayari kumungojea. Tena, mwenye kuzoea deksa kwa muda mrefu asiiache gafula siku moja: mwili ulisahau kutengeneza yake, anaweza kuanguka na kufa. Aende kwa munganga amupunguzie polepole. Sisi hatuna chuki na hizo dawa. Mu mikono ya munganga zinaokoa watu. Lakini pale mezani zinafanya kazi moja tu, kumurudisha mugonjwa mu shimo, na wenye shimo wengine wanajua vizuri sana. Kuna kambi ambako vidonge vinagawanywa pamoja na chakula. Tuliona kwa macho yetu.

Mama mumoja, mutwangaji wa mawe, alitueleza vile vidole vyake vilianza kupinda. Bwana yake alisema ni uvivu. Mama mukwe akasema amelogwa na mwenzake wa kazi, wakauza mbuzi mbili kwa muombeaji. Mtoto musichana akaacha masomo mu mwaka wa tano kwenda kutwanga mahali pa mama. Walipofika hopitali, ilikuwa miaka tatu imepita, na kwa poliatriti ile miaka ya kwanza njo ya maana: dawa ikianza mapema viungo vinaokoka, ikichelewa kilichopinda hakinyooki tena. Ile dawa, metotreksati, iko kwa liste ya dawa za lazima ya OMS. Si ya matajiri tu. Inamezwa mara moja kwa juma, si kila siku (kila siku inaua), na inadai kupimwa damu kila mara. Mbuzi mbili zingelipa mwanzo.

Tusimucheke mama mukwe. Mwenye kutafuta nani amemuloga anatafuta sababu, na hakuna mutu aliyemupa sababu nyingine. Wanganga wa viungo mu Kongo nzima ni wachache sana, wengi wako Kinshasa. Kutoka Mongbwalu kufika tu Bunia ni kama kilometa 80 za barabara ambayo mara tunapita na mara tunaogopa kupita. Infirmiye wa santé yenye kuwa karibu anaona mutu wa kuumwa viungo, anaandika malaria, kwa sababu malaria njo anayo kipimo na dawa yake. Na mara nyingine ni kweli ni malaria, ao ni ugonjwa wa mbu mwingine. Majirani zetu Waacholi wa Uganda walipatwa mwaka 1959 na homa ya kuvunja viungo, wakaiita o'nyong-nyong, na hilo jina limebaki mu vitabu vya dunia nzima. Basi kila kuumwa viungo kunaitaji mutu wa kuangalia vizuri, si kubahatisha.

Sasa watoto, maana hapa hatuna ruhusa ya kunyamaza. Iko rumatisme ingine yenye kupata watoto wa miaka 5 mpaka 15. Inaanza na koo kuumwa, kitu ya kawaida. Koo ikiachwa bila dawa, kwa watoto wengine viungo vinavimba kisha majuma mawili ao tatu: leo goti, kesho kiwiko. Maumivu yanapita yenyewe, mama anashukuru Mungu. Kumbe ugonjwa ulishaingia mu moyo, unaharibu milango ya moyo. Miaka kumi baadaye msichana anabeba mimba, anakosa pumzi. Inchi za Ulaya zilikuwa nao mwingi sana. Ulipungua kwa nyumba nzuri na penisilini. Unapenda kule watu wanalala wengi mu chumba kimoja, na hapa Ituri, tangu vita vya Djugu, ni familia ngapi zinalala watu nane chini ya shiti moja mu site ya wakimbizi? Ni ngapi zinalala hivyo hivyo mu kambi za machimbo? Mutoto akiwa na koo na homa, apelekwe. Akiwa alishapata kuvimba viungo, anaitaji sindano ya penisilini kila majuma tatu ao ine, kwa miaka. Haina bei kubwa. Ugumu ni kuifuata bila kuacha, na pale njo koperative inaweza kusaidia mama.

Tufike kwa haki. Sheria nambari 16/009 ya tarehe 15/07/2016 iliweka kanuni zenye CNSS inafuata, na mwajiri anapashwa kulipa 1,5% ya mushahara kwa ajili ya hatari za kazi, ajali na magonjwa. Vizuri. Lakini muchimbaji wa mikono hana mwajiri mbele ya sheria. Kodi ya mine, vile ilivyorekebishwa tarehe 09/03/2018, inamulazimisha kuwa mu koperative yenye kukubaliwa. Inaeleza vizuri namna ya kuuza zahabu yake. Magoti yake hayana mulango ndani. Ile sheria pia inaomba makampuni yenye vyeti vya kuchimba yatoe angalau 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya watu wa pale. Mara nyingi tunaona pale mulango wa soko na rangi kwa shule. Sindika inauliza: mashine moja ya radio na mutu mumoja aliyesoma kunyoosha viungo, si maendeleo?

Wengine watasema tunaota. Uingereza ilikubali mwaka 2009 kwamba atrozi ya goti ni ugonjwa wa kazi wa muchimbaji wa makaa. Mashimo mingi yalikuwa yamekwisha kufungwa, na wengi walikuwa wamekufa, lakini walikubali. Mu Afrika ya Kusini, wachimbaji wa zahabu waliotoka mpaka Lesotho na Msumbiji walishitaki makampuni kwa ajili ya mapafu yao. Mwaka 2019 tribinali ilipitisha mapatano ya karibu miliari 5 za randi. Mumoja kati ya yale makampuni, AngloGold Ashanti, tunamujua, alikuwa hapa kwetu Mongbwalu.

Kwa sasa tunaomba vitu vidogo kwa koperative na kwa wenye mashimo. Gunia ijae nusu. Treuil mahali ya mugongo, kule shimo inaruhusu. Mawe yamwagiwe maji mbele ya kusagwa. Siku ya Mungu iwe ya kupumzika kweli, bila kukata mutu sehemu. Mwenye kuumwa goti apewe kazi ya kukaa, kuandika ao kuchunga motopompi, asifukuzwe. Na kila wakati wa kugawanya, kitu kidogo kiwekwe pembeni kwa kisanduku cha wagonjwa, kichungwe na watu watatu, mumoja awe mama. Wenye mashimo watasema haiwezekani. Pale ambako wanatoa kwa kila baruti na kila kizuizi cha barabara, inawezekana.

Na wewe mwenye kusoma hii, ukienda hopitali, omba karatasi. Fiche, picha ya radio, sertifika medikale yenye tarehe, na munganga aandike kazi unayofanya na miaka uliyoifanya. Usizitupe ukihama karière, weka mu plastiki pamoja na karte ya uchimbaji, na umuonyeshe bibi ao mutoto mukubwa mahali ziko. Wale wa Afrika ya Kusini waliolipwa walipashwa kuonyesha mapafu yao na miaka yao ya kazi. Sisi, siku ikifika, tutaombwa hivyo hivyo, na wengi wetu leo hatuna hata karatasi moja.