Mvua ya Mawe na Ukuta wa Udongo

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe iliyoandamana na upepo mkali iliipiga Kata ya Mwakata, Wilaya ya Kahama, kusini mwa Ziwa Victoria. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, mamia ya familia zilibaki bila makazi, na mazao yakaangamia. Katika masimulizi ya maafa hayo barafu ndiyo iliyotajwa mno, kwani ni jambo la ajabu katika nchi ya joto. Lakini wengi wa waliofariki waliangukiwa na kuta za nyumba zao. Tofauti hiyo yafaa iongoze kazi yote ya kurudisha maisha vijijini baada ya dhoruba.

Barafu yenyewe haina muujiza. Joto la nchi kavu na unyevu mwingi wa ziwa huinua mawingu marefu ya radi. Katika kimo cha kilomita 5 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa hufikia baridi ya kugandisha maji. Matone yanayorushwa juu ya hapo huganda na kuongezeka unene, mpaka uzito wake unapoushinda upepo unaoyainua. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 1,134. Kwa hiyo mawe hayo yana safari fupi ya kuyeyukia kuliko yangekuwa nayo pwani. Huko Kericho, nyanda za juu mashariki ya ziwa, wakulima wa chai wa Kenya wameizoea mvua hiyo.

Basi mvua ya mawe itakuja tena. Haizuiliki, ukuta ndio unaoweza kurekebishwa. Tofali bichi hushikamana likiwa kavu, na likilowa nguvu zake hupungua upesi. Upenu mfupi huacha maji yapige ukuta, na rundo la mawe ya mvua huziba mkondo na kuyatuamisha chini yake. Upepo humalizia kazi iliyokwisha kuanzwa na maji.

Mgeni atokaye Mwanza kwenda kutazama eneo lililopigwa na dhoruba huona mahindi mabichi na mabati mapya yakimeta, akasema wananchi wamekwisha kupona. Laiti angeinama akatazama msingi! Bati jipya juu ya ukuta ule ule halijabadili neno lo lote ila sura ya nyumba.

Yawezekana kujibiwa kwamba mkulima hana fedha ya nyumba ya saruji. Ni kweli, wala udongo si adui. Hata shauri la kuchoma matofali lina gharama yake, kwani tanuri hula kuni, na Mkoa wa Shinyanga umejitahidi tangu mradi wa HASHI wa mwaka 1986 kurudisha miti na ngitili zake. Lakini msingi wa mawe ulioinuka juu ya ardhi, upenu mrefu, mfereji wa kuondoa maji, na paa lililofungwa barabara ukutani havihitaji utajiri. Anayeweza kuongeza kidogo atumie matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kiasi na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, ambayo hayachomwi kabisa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ina rada Mwanza, na tahadhari zake ni za thamani. Hata hivyo, tahadhari humwambia mtu akimbilie ndani. Yampasa awe na ndani palipo salama. Chakula na mablanketi ni haki ya waliopatwa na maafa. Lakini msaada usiokuwa na fundi wa kufundisha ujenzi wa msingi huwarudisha wananchi chini ya ukuta ule ule, wakingoja masika mengine.